Mshindani Wangu Hajazaliwa

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, au mwenye duka alikufungia misumari ndani yake kabla hujalisoma, usihangaike. Balaa langu halina haraka. Linamsubiri kila mtu.

Kwa kifupi: mimi ni fundi wa tovuti. Nimejifundisha mwenyewe chumbani, kwa laptopu ambayo kifuniko chake nimekishikiza kwa plasta ya kidonda. Wateja sina. Nilicho nacho ni tovuti za kujifunzia: ya hoteli ambayo haipo, ya daktari wa meno ambaye hayupo, na ya kampuni ya ndege yenye ndege moja, nayo nimeichora mimi.

Mwisho wa mwezi ukinikuta sina mteja, naingia duka la rangi la Mjomba, moja kwa moja, mpaka uzeeni. Hilo tulikubaliana sebuleni, Mama akiwa shahidi, na mimi kwa ujinga wangu nikaitikia. Mjomba ameshanishonea ovaroli na kudarizi jina langu kifuani. Mtu akishakudarizia jina, ujue hana shaka.

Wiki iliyopita niliwaacha pale Mama Klachi, mwenye shule ya udereva, aliponiambia: "Nataka tovuti. Niletee sampuli Ijumaa. Nikiipenda, kazi yako."

Mteja wangu wa kwanza chini ya jua! Nusura nimpigie magoti.

Sasa sikilizeni nilivyoiharibu.

Sampuli niliimaliza mapema. Manjano iliyokolea kama alama za barabarani, herufi nene, gari jekundu linakuja mbele yako ukifungua tu. Mimi mwenyewe niliipenda. Lakini kupenda kazi yako si kazi, hata nyani haoni kundule. Nilitaka macho ya watu wengine kabla ya Ijumaa.

Nikaituma kwanza kwenye jukwaa la mafundi wenzangu mtandaoni, nikaandika kwa unyenyekevu: "Wakuu, naombeni maoni, msinionee haya."

Mmoja akajibu: "Poa."

Mwingine akaniuliza kama ile laptopu nauza.

Basi. Nikaigeukia familia. Tuna kundi la ukoo kwenye simu, linatumika kwa misiba, harusi, na sauti ndefu za Shangazi. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Ana saluni, na ndiye mwenyekiti wa kundi, ingawa hakuna aliyemchagua. Nikaweka linki pale, nikaandika: "Wazazi wangu, ndugu zangu, nitazamieni hii. Semeni ukweli."

Weee! Simu ilitaka kupasuka.

"Hongera mwanangu, Mungu akuzidishie!" Huyo Shangazi.

"Kazi safi sana. Haina dosari." Huyo Mjomba.

"Baba yake angeliona hili!" Mama, na vikaragosi vya kulia.

Nilivimba kichwa siku nzima. Jioni nikaingia kwenye hesabu za tovuti nione waliofungua. Walikuwa wawili. Mmoja ni mimi.

Wa pili pia nikaja kugundua ni mimi, kwa simu ya Mama.

Tena nilipobonyeza mwenyewe kile kitufe cha "Jiandikishe", ambacho ndicho roho ya tovuti nzima, hakikunipeleka popote. Kilinirudisha kwenye gari jekundu. Kazi isiyo na dosari, na mlango wake haufunguki!

Nikaenda saluni nimefura.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba baba. Mtaalamu wetu huyo! Karibu." Alikuwa anamkausha mteja nywele, miwani yake imelala juu ya meza kati ya vitana.

"Shangazi, ile tovuti ulisema nzuri. Uliifungua?"

"Niifungue ya nini?"

"Si ili uone ilivyo?"

Akazima mashine ya kukausha. "Mtoto wa kaka yangu kafanya kitu, halafu mimi niingie ndani, nichokonoe, nitafute kasoro? Mimi mchawi? Kwetu mtoto havunjwi moyo."

"Lakini kitufe hakifanyi kazi!"

"Kitafanya," akasema kwa upole. "Mungu hamtupi mja wake."

Hapo ndipo yule mteja wake alipoinuka, akajitazama kwenye kioo, akaaga. Shangazi akamsindikiza hadi mlangoni kwa sifa. "Umependeza mpenzi! Utawaua leo!"

Mlango haujafunga vizuri, akanigeukia. "Umeiona ile nguo? Imekatwa begani kama gunia. Na zipu ameiweka ubavuni wakati kitambaa kile kinavutika, wiki moja tu imeng'oka. Na ile rangi na ngozi yake! Kwa nini hakuna aliyemwambia?"

Wasomaji wangu, nilisimama pale kama niliyepigwa na umeme. Mwanamke huyu ana macho ya mwewe! Ukweli anao, tena mwingi. Ila hauwezi kutoka mbele ya mwenye mali. Unataka mwenyewe awe ametoka nje.

Basi na mimi nikajitoa nje.

"Shangazi," nikasema, na hapa ndipo shetani aliponivalisha viatu, "ile niliyowatumia nimeifuta. Sasa kuna mtu anataka kuninyang'anya kazi ya Mama Klachi. Kijana mmoja hivi. Naye ametengeneza tovuti."

"Nani huyo?"

Macho yangu yalikuwa mezani. "Anaitwa... Miwani."

"Miwani!" Akalitamka jina lile kama kitu kilichooza. "Nipe hiyo tovuti yake."

Nikampa linki ile ile.

Akavaa miwani yake. Akavuta kiti. Jamani, mashine ya nywele haikuwashwa tena mchana ule.

"Hebu tazama! Herufi nyeupe juu ya manjano, anataka watu wapofuke? Namba ya simu iko wapi? Nimeshuka mpaka chini, nimepanda mpaka juu, hakuna. Mtu akitaka kupiga apige ramli? Huyu dereva kwenye picha hajafunga mkanda. Shule ya udereva, dereva hana mkanda! Na hiki kitufe... kinanirudisha nilikotoka. Huyu ni tapeli."

Nilikuwa naandika mkono unaniuma. Dhahabu tupu! Mkanda nisingeuona hata kwa mwaka.

Hakuishia hapo. Akaitupa kwenye kundi la ukoo na maneno: "Huyu ndiye anayetaka kumzibia riziki mtoto wetu. Mtazameni."

Ukoo mzima ukaifungua. Hesabu za tovuti zilipanda kama moto wa nyasi. Watu ambao hawajawahi kunisalimia walikaa wakachambua picha moja moja.

Mjomba akatuma sauti: "Manjano gani hii? Ukiitazama sana inakutazama na wewe. Mtu mwenye akili angeweka kijivu chenye ubuluu, rangi ya korido ya hospitali. Inatuliza."

Mama, ambaye ni mpole hata kwa mende, akaandika: "Na huyo binti anayecheka peke yake na usukani ana nini? Awekwe mtu mzima mwenye suti."

Lakini kilichowakera zaidi, na hapa wote walikubaliana, ni adabu. "Haina salamu," alisema Shangazi. "Unafungua tu, 'Jifunze gari leo!' Hata hodi hujaitikiwa. Hajafunzwa kwao huyu."

Niliketi nikarekebisha yote. Nilinakili tovuti, ile ya Miwani nikaiacha kwenye anwani yake kwa sababu ndugu walikuwa bado wanafaidi kuitukana, na nakala nikaipa anwani mpya kwa jina langu. Mkanda nikafunga. Namba ya simu nikaweka. Kitufe nikakitengeneza kikafunguka. Korido ya hospitali nikapaka kila mahali. Binti nikamtoa, nikaweka mzee mwenye suti ambaye hakuonekana kama amewahi kupanda gari.

Na salamu nikaweka. Ukifungua, ukurasa mzima unakwambia: "Karibu sana. Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?" Chini kuna kitufe kimeandikwa "Hawajambo." Usipokibonyeza, hupiti.

Wakati ule niliona ni ubunifu mkubwa. Msinicheke.

Nikamtumia Mama Klachi, nikalala nimenyoosha miguu.

Kumbe moto niliouwasha mimi ulikuwa bado unatafuta kuni.

Asubuhi nilimkuta Mama chumbani kwake amepiga magoti. Nikasimama mlangoni kwa heshima.

"Ee Mola," alikuwa anasema, "huyu Miwani anayemfanyia mwanangu hila, mfungie njia zake. Kila mkono wake unapogusa, pasiote kitu. Umkaushe mkono huo!"

Nilitazama mikono yangu.

"Mama," nikasema, "labda tusiombe kwa ukali hivyo."

"Sema amina."

"Mama, pengine ni kijana tu anatafuta maisha."

"Sema amina, moyo wako mweupe ndio unaokuponza!"

Nikasema amina. Ningesema nini? Tangu asubuhi ile kidole changu cha shahada kinawasha, na sijui kama ni mbu.

Nilipofika saluni, nikakuta Miwani amekua. Nilimwacha hana hata sura, sasa ana wasifu.

"Ndiye aliyekuibia kalamu mlipokuwa shule ya msingi," Shangazi akanikumbusha.

"Nani?"

"Miwani! Umesahau? Ulirudi unalia. Na mama yake ndiye yule aliyemkopesha marehemu bibi yako sufuria likarudi bovu, akatangaza mtaa mzima. Ukoo wao wote ni hivyo hivyo. Jana nimemwona sokoni, akanikwepa."

"Umemwona, Shangazi?"

"Kwa macho yangu haya. Mwendo wake tu unamtangaza."

Nilitaka kusema ukweli pale pale, naapa. Mdomo nikaufungua. Lakini kulikuwa na wateja wawili chini ya mashine, wote wananitazama kwa huruma, mmoja akanipigapiga begani na kuniambia nisikate tamaa, hasidi hana sababu. Ukweli ukarudi tumboni.

Mchana Mjomba akanipigia mwenyewe, sauti yake imejaa ushindi.

"Mpwa wangu, yule mtu wako nimemmaliza."

"Mtu gani, Mjomba?"

"Miwani! Ameingia dukani kwangu kununua kopo la varnishi. Kijana, miwani hii hapa usoni. Nikamuuliza, wewe unajua kompyuta? Akasema kidogo. Nikajua ndiye."

"Ukamfanyaje?"

"Nikamshika ukosi. Nikamwambia, sikiliza wewe, ile kazi ya tovuti ya Mama Klachi, shule ya udereva, pale mkabala na kituo cha mafuta, uiache! Sampuli zinapokelewa Ijumaa asubuhi, lakini wewe nisisikie umekanyaga! Ni kazi ya mpwa wangu!"

"Akasema nini?"

"Alikuwa anatetemeka. Akaniuliza wanafungua saa ngapi."

Nikakaa chini, hapo hapo nilipokuwa, juu ya ndoo.

"Nikamwambia mapema tu," Mjomba akamalizia. "Ili ajue saa ya kutokwenda."

Sikuwahi kupata nafuu. Simu ikaita tena, ni Mama Klachi mwenyewe.

"Kijana wangu, shangazi yako ametoka hapa sasa hivi. Alikuja na akina mama wa saluni yake, wamejaa ofisini mpaka wanafunzi wangu wamesimama nje."

"Mama, nisamehe sana. Yule ni..."

"Ngoja, usinipite kwenye kona. Wamekuja kunionya. Kuna kijana anaitwa Miwani, wamesema, asikaribie shughuli yangu. Ana ukoo mbaya, aliiba kalamu, mama yake alitangaza sufuria mtaa mzima. Sawa?"

"Ndiyo mama."

"Mimi nimeendesha shule hii muda mrefu. Nikiona watu wazima wanaacha kazi zao kuja kumsema kijana mmoja, najiuliza: ana nini huyo? Mti wenye matunda ndio unaopopolewa mawe. Wamenionyesha tovuti yake wakidhani watanichefua. Nataka kumwona."

"Na yangu mama, umeiona?"

"Nimeiona," akasema, halafu akakata kona haraka kuliko nilivyopenda. "Kesho njoo na mwenzako. Nataka niwaone wote wawili meza moja. Mkija mmoja, kazi simpi yeyote."

"Lakini mama, mimi simjui alipo!"

"Shangazi yako amesema mmesoma naye."

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba mwisho wake kuna ofisi na watu wamekaa wanakusubiri.

Ijumaa niliondoka nyumbani nikiwa nimejipanga. Nitamwambia Miwani amehama. Amepata kazi ng'ambo, kaniachia uwanja. Uongo mmoja mdogo wa kuuzika ule mkubwa, halafu nioshe mikono, hii hii iliyoombewa ikauke.

Getini nikamkuta Shangazi ameshavaa.

"Unaenda wapi, Shangazi?"

"Mama Klachi amenieleza. Huendi peke yako kukutana na yule nyoka."

"Hatakuja."

"Akija je?"

Nilibembeleza, nikadanganya tumbo linaniuma, nikakaa chini barabarani. Akanisubiri niinuke. Tukaenda.

Ofisi ya Mama Klachi ni chumba kimoja kirefu chenye alama za barabarani ukutani, na meza iliyochorwa barabara na mizunguko, juu yake vigari vya kuchezea. Vigari hivyo ndivyo anavyofundishia, na akiongea na mtu huvisukuma huku na huku. Siku ile alikuwa ameegesha viwili, cha bluu na cha njano, uso kwa uso.

"Mama," nikaanza kabla hata sijakaa, "kwa bahati mbaya mwenzangu hatakuwepo, amepata kazi ng'am..."

"Umechelewa wewe," Mama Klachi akasema. "Mwenzako yuko hapa tangu nafungua."

Kijana akageuza kiti.

Miwani hii hapa. Shati limenyooshwa, kwenye kucha kuna mabaki ya varnishi. Akanitazama, akatabasamu kama mtu aliyeona ndugu yake uwanja wa ndege.

"Kaka!" akasema. "Siku nyingi!"

Shangazi akanibana mkono mpaka nikasikia mfupa. "Si nilikwambia?" akaninong'oneza. "Ndiye yule yule wa sokoni."

Nilivuta kiti nikakaa.

Mama Klachi akageuza kompyuta yake tuione. Kwenye kioo kulikuwa na manjano. Manjano yangu. Gari langu jekundu likaja mbele.

"Nataka jibu moja," akamwambia yule kijana. "Hii ni kazi yako?"

Mtu yule hakupepesa hata jicho. "Ni jasho la mikono yangu, mama."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. "Mwongo!" nikapiga kelele. "Mama, huyu mtu..."

"Ni yake!" Shangazi akanikatiza, amesimama, kidole juu. "Usimtetee, mwanangu, acha aumbuke! Mimi ni shahidi, ukoo mzima ni shahidi. Ule ubaya wote ni wake, mtoto wetu hahusiki hata kidogo! Niko tayari kuapa!"

"Asante mama yangu," Miwani akamwambia kwa adabu.

"Kaa kimya wewe, mwizi wa kalamu!"

Mama Klachi akasukuma kigari cha njano mbele kidogo. "Basi vizuri. Kwa sababu hii nimeipenda."

Kidole cha Shangazi kikabaki hewani.

"Nimeipenda," akarudia. "Ina macho. Mtu akiiona anajua ni barabara, anajua ni gari, anataka kuendesha. Mapungufu inayo, hayo yanatengenezeka. Yako, kijana wangu..." Akanigeukia, na huruma yake ikaniumiza kuliko tusi. "Yako nimeshindwa kuingia. Imeniuliza watoto hawajambo. Mimi sikujaliwa watoto. Nimekaa pale usiku mzima, sijui nibonyeze nini."

Jamani. Nilitamani sakafu ipasuke.

Na wakati huo huo, nisemeje, ndani ya kifua changu kulikuwa na furaha inayopiga ngoma. Mtu ameipenda! Si kwa kuwa mimi ni mtoto wa kaka yake, si kwa kuniombea heri. Ameifungua, ameitazama, ameipenda. Maoni niliyoyatafuta kwa udi na uvumba yamefika, na yamekabidhiwa mtu mwingine mbele yangu. Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja, nikaishia kukohoa.

"Sasa," Mama Klachi akasema, "hiki kitufe cha kujiandikisha hakifanyi kazi. Mimi simpi mtu leseni kwa kusimulia. Kaa hapa, kirekebishe, nione. Ukiweza, kazi yako leo hii. Ukishindwa nitajua mmekuja kunichezea wote wawili, na mtatoka kwa mlango huo mmoja. Nitabaki na bango langu la barabarani."

Akamsogezea kibodi. Kijana akabonyeza "Rekebisha", na kwenye kioo kukatokea kisanduku kinachoomba neno la siri. Neno hilo duniani analijua mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekalia mikono yake.

Miwani akakitazama kile kisanduku. Akakuna shingo. Nikaona tone la jasho linashuka kutoka nyuma ya sikio lake, nikajua sasa tunakwisha. Yeye anakwisha, na mimi nakwisha naye. Mwezi ukiisha niko kwenye ovaroli nakoroga makopo.

"Mwache," Shangazi akaninong'oneza, macho yanang'aa. "Mwache aumbuke."

Kisha kijana yule, na mimi mpaka leo sijui alizaliwa na nani wala alilishwa nini, akakisukuma kibodi taratibu upande wangu.

"Mama Klachi," akasema, "wewe unapofundisha gari, nani anashika usukani?"

"Mwanafunzi."

"Na wewe?"

"Nakaa pembeni, mguu kwenye breki."

"Basi na mimi hivyo hivyo." Akaniwekea mkono begani. "Huyu ni mwanafunzi wangu. Yeye anaendesha, mimi nakaa pembeni."

Mama Klachi akacheka kwa mara ya kwanza. Jibu lilikuwa limemwingia. Akanitazama. "Ni kweli? Wewe ni mwanafunzi wake?"

Nilimtazama Miwani. Alinifinya bega kidogo, kama anayesema kaka, tuokoane. Nilitazama lile gari jekundu kwenye kioo, na kile kitufe kibovu ambacho mimi ningekitengeneza kabla chai haijapoa. Nikisema hapana, tovuti ile inafutwa na hakuna atakayeiona tena. Maji nimeshayavulia nguo.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni mwalimu wangu."

Nyuma yangu kiti kikalia. Shangazi alikuwa ameketi, taratibu, mkoba kifuani. Nikasubiri apige kelele. Nilitaka apige kelele. Mwanamke huyu alifunga saluni kwa ajili yangu, akazunguka mji mzima kunipigania, na katika maisha yangu yote sijawahi kumwona amekosa neno.

Aliponisemesha, sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Tangu lini, mwanangu?"